Watoto Wazito wa Kujifunza na Shule za Lugha ya Pili katika Kanada

Walimu wengi husema ya kwamba mtoto aliye mzito wa kujifunza asitwikwe lugha ya pili, maana hata ya kwanza haijamkaa vema. Neno hili lina huruma; lakini yafaa tulipime kwa mambo yaliyotokea katika Kanada.

Katika jimbo la Quebec watu wengi husema Kifaransa, na wachache Kiingereza. Mwaka 1965, katika mji wa St. Lambert karibu na Montreal, wazazi wasemao Kiingereza walipata darasa ambamo watoto wao walifundishwa kwa Kifaransa tangu mwanzo; masomo ya Kiingereza yalifuata baadaye. Wallace Lambert na Richard Tucker waliwachunguza watoto hao, na katika kitabu chao cha mwaka 1972 walionyesha ya kuwa Kifaransa kiliwaingia, wala Kiingereza chao hakikupotea.

Lakini je, wale wazito? Ronald Trites wa Ottawa alishika ya kwamba wako watoto wasiofaa kwa masomo ya namna hii, na heri wafundishwe kwa Kiingereza. Bibi Margaret Bruck, wa Chuo Kikuu cha McGill, aliwachagua watoto waliokuwa dhaifu katika usemi, akawalinganisha na dhaifu wenzao waliosoma kwa Kiingereza. Katika habari alizotoa mwaka 1982 alieleza ya kwamba wa kwanza hawakupitwa na wa pili katika masomo. Na juu ya hayo walikuwa wamepata Kifaransa.

Basi uzito haukuzaliwa na lugha ya shule. Mtoto aliyehamishwa alikwenda na uzito wake, akaacha nyuma Kifaransa tu.

Hata hivyo tusiyachukue mambo haya pasipo kuyapima. Watoto wale walikuwa na Kiingereza chenye nguvu na heshima nyumbani na nchini. Shule iliwaongezea lugha, haikuwanyang'anya. Mahali ambapo lugha ya mama hudharauliwa shuleni, hoja hii haimteteі mwalimu.

Kwa hiyo, mtoto akikwama, tusifanye haraka kuilaumu lugha na kumwondoa darasani. Kwanza tuulize: amesaidiwaje? Maana mzito asiyesaidiwa hukwama katika lugha yo yote.