Taashira na Mhusika: Safari ya Hadithi Fupi kutoka Marekani hadi Darasa la Malaba

Mwanafunzi wa sekondari katika Malaba ya Kenya, iliyo katika Kaunti ya Busia, na mwenzake wa Malaba ya Uganda, iliyo katika Wilaya ya Tororo, hutenganishwa na mto na lango la forodha. Yamkini wote wawili ni Wateso na nyumbani huzungumza lugha moja; sokoni huelewana kwa Kiswahili cha madereva wa malori na wabadilishaji wa fedha. Hata hivyo, hadithi fupi huisoma kwa lugha mbili. Yule wa Kenya huisoma kwa Kiswahili kwa ajili ya mtihani wa KCSE. Huyu wa Uganda, aghalabu, hukutana na utanzu huo katika somo la fasihi ya Kiingereza. Makala haya yanafuatilia kihistoria suala moja linalowahusu wote wawili, nalo ni uhusiano wa taashira na mhusika. Ninashikilia kwamba taashira katika hadithi fupi haina maana kamili nje ya mhusika anayeiona na kuiamini, na kwamba ufundishaji wetu umeitenganisha miwili hiyo bila sababu ya kutosha.

Mazoea yenyewe yanajulikana. Miongozo mingi ya vitabu teule huorodhesha sifa za wahusika katika sura moja na mbinu za lugha katika sura nyingine. Ishara huwekwa katika sura hii ya pili pamoja na methali, tashbihi na tanakali za sauti, kila moja ikiwa na maana yake pembeni kana kwamba tunasoma kamusi. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo na kuirudisha kwa mtahini. Hapati fursa ya kuuliza ishara hiyo ni ishara kwa nani.

Waandishi wa Marekani waliokuza hadithi fupi katika karne ya 19 hawakuitenganisha miwili hiyo. Katika tahakiki yake ya mwaka 1842 kuhusu hadithi za Nathaniel Hawthorne, Edgar Allan Poe alidai kwamba hadithi inayosomwa kwa kikao kimoja yapasa kuelekeza kila kipengele chake kwenye athari moja. Kwa kanuni hiyo, kitu kilichomo hadithini hakiwezi kuwa pambo tu. Hawthorne mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa mfano bora katika “Young Goodman Brown” ya mwaka 1835. Kijana Brown anamwacha mkewe, aitwaye Faith, na kuingia msituni usiku. Huko anauona utepe wa rangi ya waridi, mfano wa ule anaouvaa mkewe, akakata shauri kuwa amempoteza. Iwapo usiku ule ulikuwa ndoto au kweli, Hawthorne hasemi. Utepe hauthibitishi lolote kuhusu mke. Unathibitisha jinsi mume alivyo mwepesi wa kushuku, na shaka hiyo inamtia giza hadi kifo chake. Jina la mke, likitafsiriwa, ni Imani, na Imani ni jina la binti yeyote wa Afrika Mashariki. Ni nadra tafsiri kuwa rahisi kiasi hiki. Balagha ya Kiswahili ina istilahi yake: majazi, yaani jina linalobeba tabia au hali ya mwenye nalo.

Njia mojawapo iliyoifikisha hadithi fupi ya Kiingereza kwetu ilipita hapa Malaba. Reli kutoka Nairobi iliyofika Kampala mwaka 1931 inavuka mpaka hapa kabla ya kuingia Tororo, na ndiyo iliyowachukua wanafunzi wengi wa Kenya waliokwenda kusoma Makerere. Ngũgĩ wa Thiong’o alijiunga na chuo hicho mwaka 1959. Juni 1962 ulifanyika hapo mkutano wa waandishi wa Kiafrika waandikao kwa Kiingereza, naye Ngũgĩ, angali mwanafunzi, alialikwa kwa sababu ya hadithi fupi mbili alizokuwa amechapisha. Miongoni mwa wageni alikuwemo Langston Hughes kutoka Marekani, ambaye tangu mwaka 1943 alikuwa akiandika katika gazeti la Chicago Defender visa vya mhusika wake Jesse B. Semple. Jina hilo nalo ni majazi, tena ya kejeli: linasikika kama neno la Kiingereza lenye maana ya mtu asiye na makuu, hali mwenye nalo huichambua siasa ya rangi kwa werevu kuliko wasomi wanaomsikiliza. Kwa upande mwingine, Shaaban Robert, gwiji wa Kiswahili, hakuwa na nafasi katika mkutano huo, kwa kuwa sharti la mwaliko lilikuwa lugha ya Kiingereza. Alifariki mwezi huohuo. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulihoji sharti hilo baadaye, na sioni namna ya kulitetea.

Hadithi zile mbili za Ngũgĩ zinafaa kutazamwa kwa makini. Katika moja, Mukami anamkimbia mume anayempiga na kulala chini ya mugumo, mti mtakatifu wa Wagĩkũyũ. Anapoamka anatambua kuwa ni mjamzito, naye anaamua kurudi. Katika nyingine, “The Return”, Kamau anatoka kizuizini na kukuta mkewe ameondoka na mwanamume mwingine, baada ya kijiji kuaminishwa kuwa Kamau amekufa. Kifurushi chake kinatumbukia mtoni na kuchukuliwa na maji, naye, kinyume cha matarajio ya msomaji, anahisi nafuu. Tukisema kwamba “mto ni ishara ya utakaso” tutakuwa tumesema jambo lililo kweli kwa mito mingi mno. Mto huu unapata maana yake kutokana na mtu aliyebeba kifurushi hicho miaka yote ya kizuizini akiamini kuna mtu wa kumpelekea.

Hadithi ya Kiswahili inayoturudisha Marekani moja kwa moja ni “Damu Nyeusi” ya Ken Walibora, katika mkusanyiko wenye jina hilo aliouhariri na Said A. Mohamed mwaka 2007. Walibora, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, alisoma na kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani kwa miaka kadhaa. Mhusika wake, Fikirini, ni mwanafunzi Mwafrika anayebaguliwa huko kwa rangi yake. Dhuluma hizo zinamfanya ategemee udugu wa Wamarekani weusi, wenye “damu nyeusi” kama yeye. Anamwamini Fiona, na imani hiyo inaishia katika kuporwa. Miongozo hutuambia kuwa damu nyeusi ni ishara ya uafrika. Jibu hilo ni pungufu. Damu nyeusi ni wazo la Fikirini, kimbilio alilojijengea katika upweke, na hadithi nzima ni jaribio la wazo hilo, kama vile hadithi ya Hawthorne ilivyo jaribio la macho ya Brown. Tofauti ni kwamba Brown anaangamizwa na shaka, Fikirini na uaminifu. Jina lake halisemi tu kuwa yeye hufikiri. Kisarufi ni amri kwa wengi, nao wengi hao, kwa maoni yangu, ni sisi wasomaji.

Pingamizi lipo. Katika “Tumbo Lisiloshiba” ya Said A. Mohamed, iliyotoka katika mkusanyiko wa mwaka 2016, Jitu linaloingia mkahawani mwa Mzee Mago na kufagia vyakula vyote halina nafsi ya ndani ya kuchunguza. Ni taashira tupu ya ulafi wa wenye nguvu. Nakubali. Lakini hata hapo hofu ya msomaji hutokana na macho ya Mzee Mago na majirani zake, watu wenye ardhi ya kupoteza.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa upande wa Tororo. Mabadiliko ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Fasihi itafuata, na pamoja nayo vitabu na miongozo kutoka ng’ambo ya mto. Napendekeza kwamba vitabu vivushwe, orodha za ishara zibaki. Swali la kwanza darasani liwe: ni nani katika hadithi anayekiona kitu hiki, na kinamfanya atende nini? Mwalimu wa Tororo aliyesomea fasihi ya Kiingereza anaweza kuanza na utepe wa Faith, kisha akamtambulisha Fikirini. Wa upande wa Busia akaanza na Fikirini. Kwa kuwa shule hizi zimekaribiana, walimu hao wanaweza kubadilishana madarasa kwa siku moja, na nauli yao ikawa ya bodaboda.