Kompyuta Nzito Kuwaka: Tulinunua Dawa ya Ugonjwa Mwengine

Aliyefanya kazi ofisini Mjini Unguja zama za Windows 98 hajaisahau ile skrini ya buluu. Umeme umekatika, umerudi, unabonyeza kitufe. Badala ya kuendelea na barua yako, unaambiwa kompyuta haikuzimwa ipasavyo, kisha ScanDisk inaanza kukagua diski, polepole, na wewe umekaa unaitazama.

Umeme wetu ulitoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 1980. Mei 2008 huduma ilikatika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 giza likarudi, na safari hii halikuondoka hadi Machi 2010. Mwenye duka la intaneti Mji Mkongwe aliyewasha jenereta alilipia mafuta hata zile dakika ambazo mashine ilikuwa bado inajivuta. Katika hali hiyo, nani angekataa programu ya bure inayoahidi kompyuta iwake upesi?

Ahadi za namna hiyo zilianza mbali. Peter Norton alitoa Norton Utilities, mkusanyiko wa zana za kutunza kompyuta, huko Marekani mwaka 1982. Mwaka 1993 Microsoft wakaitia MemMaker ndani ya MS-DOS 6, ipange upya programu zilizokuwa zikigombania kilobaiti 640 za kumbukumbu. Zana za wakati ule zilikuwa na kazi ya kweli.

Mambo yalibadilika ilipokuja Windows XP mwaka 2001. Mfumo wenyewe ulijifunza mafaili gani yanahitajika wakati wa kuwaka, ukaweka kumbukumbu yake katika folda ya Prefetch. Watu wakaidaka Bootvis, zana ambayo Microsoft waliwatengenezea wabunifu wa kompyuta, wakidhani ni dawa ya kasi. Microsoft wakakanusha, kisha wakaiondoa. Wengine wakashauriana kuifuta folda ya Prefetch kila wiki. Hapo mashine ilichelewa zaidi, maana ilikuwa inafutiwa masomo yake.

CCleaner ikaja 2004, ikaenea dunia nzima. Kufuta mafaili ya muda ilifanya vizuri. Iliyotiliwa chumvi ni ile kazi ya kusafisha rejista, daftari kuu la mipangilio ya Windows. Mwenye duka mwenye daftari la wadeni hachelewi kumpata Juma kwa sababu ukurasa mwengine una jina la marehemu. Na kompyuta nayo huenda moja kwa moja kwenye jina inalolitaka. Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono zana za kusafisha rejista. Septemba 2017 likazuka kubwa zaidi: wadukuzi walikuwa wamepenyeza programu hasidi ndani ya toleo rasmi la CCleaner, na watumiaji wapatao milioni 2.27 walikuwa nalo.

Na tangu Windows 8, mwaka 2012, kilichofaa katika zana hizo kimo ndani ya mfumo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua orodha ya programu zinazowaka na kompyuta, uzime usizozihitaji. Antivirasi iache. Hakuna la kununua hapo.

Windows 8 ilileta pia uwashaji wa haraka: unapozima, mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho usianze upya. Lakini hilo hutokea ukizima vizuri tu. Umeme ukikatika ghafla hakuna kilichohifadhiwa, na safari inaanza mwanzo. Zana zote nilizozitaja haziwezi kulitibu hilo. UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, inaweza, kwa kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima.

Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa 2013, ila umeme kukatika bado tunakujua. Kwa kompyuta ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, pesa ya kwanza ningeipeleka kwenye SSD, diski isiyozunguka. Na laptopu iliyokufa betri, inayoishi kwenye soketi tu, haina tofauti na kompyuta ya mezani isiyo na UPS: mwenyewe atafute betri kwanza, programu ya kasi aiache huko huko ilipo.