Wachezaji wa Hoki ya Barafu Waliopitia Vyuo Vikuu vya Marekani

Hoki ya barafu ya vyuo vikuu vya Marekani husimamiwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ambacho fainali zake za kwanza za mchezo huu zilifanyika Colorado Springs mwaka 1948 na ubingwa ukaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, vyuo vilionekana kama kichochoro tu cha kuelekea NHL, ligi ya kulipwa ya Marekani na Kanada. Barabara yenyewe ilikuwa ligi za vijana za Kanada, ambazo humchukua mvulana akiwa na miaka 16 na kumchezesha mechi zipatazo 68 kwa msimu, ratiba inayokaribia ile ya watu wazima. Red Berenson alipocheza mechi yake ya mwisho ya chuo cha Michigan mwaka 1962, na usiku uliofuata akavaa jezi ya Montreal Canadiens katika NHL, lilikuwa jambo la ajabu. Leo si ajabu tena. Lakini ukitazama kwa makini ni nani hasa waliotoka vyuoni wakafanikiwa, utaona kwamba mchango mkubwa wa vyuo haukuwa kuzalisha vipaji vingi kuliko ligi za vijana. Vyuo viliwapa muda wachezaji ambao mfumo wa kulipwa ulikuwa umekwisha kuwaacha.

Klabu za NHL huteua vijana wakiwa na miaka 18 hivi, umri ambao mwili wa wengi haujakamilika. Asiyeteuliwa katika ligi ya vijana hana nafasi kubwa ya kujirekebisha, kwani akifika miaka 20 au 21 umri wa ligi hiyo umekwisha. Chuoni mambo ni tofauti. Mwanafunzi ana miaka minne mbele yake, mechi kama 34 kwa msimu, nyingi zikichezwa Ijumaa na Jumamosi, na siku zilizobaki ni za mazoezi ya barafuni na ya kunyanyua vyuma. Anayecheza mwaka wa nne mara nyingi ana miaka 22 au zaidi. Klabu nazo hufaidika, kwa sababu haki juu ya mchezaji waliyemteua hubaki mikononi mwao muda wote anaposoma, bila wao kumlipa mshahara.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko Chuo Kikuu cha Vermont, ambako Martin St. Louis na kipa Tim Thomas walicheza pamoja katikati ya miaka ya 1990. St. Louis, winga mfupi wa mita 1.73 hivi, hakuteuliwa na klabu yoyote. Alipotoka chuoni mwaka 1997 alianzia ligi ya chini, akaingia Calgary, akaachwa mwaka 2000. Tampa Bay ilimchukua, na katika msimu wa 2003–04 aliongoza NHL kwa pointi 94, akatajwa mchezaji bora na kutwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL. Thomas aliteuliwa, lakini akiwa wa 217. Alizunguka Finland na Sweden, akapata namba ya kudumu Boston akiwa na miaka 31, na mwaka 2011, akiwa na miaka 37, akashinda kombe na tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Kawia ufike, wahenga walisema, ingawa huyu alikawia kupita kiasi.

Wala wawili hao si wa kipekee. Joe Mullen wa Boston College hakuteuliwa, na ndiye aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kufikisha mabao 500 katika NHL. Adam Oates, bingwa wa vyuo mwaka 1985 akiwa na chuo cha RPI, hakuteuliwa pia. Alistaafu akiwa na pasi za mabao 1,079. Kipa Ed Belfour, bingwa na North Dakota mwaka 1987, naye hakuteuliwa. Brett Hull aliteuliwa wa 117, akapitia Minnesota Duluth, kisha akafunga mabao 741.

Msomaji makini atasema kwamba haya ni majina ya walionusurika tu, na kwamba wachezaji wengi wa vyuo hawakuiona NHL hata siku moja. Ni kweli, lakini hoja hii hailengi idadi. Nyota wakubwa kama Gretzky, Lemieux na Crosby hawakupita chuoni, na hawakuhitaji kupita. Walikuwa tayari wakiwa na miaka 18. Kinachofaa kuulizwa ni nini humpata asiye tayari. Isitoshe, aliyeshindwa kufika hakutoka chuoni mikono mitupu, na elimu hiyo ilimfaa hata aliyefika. Ken Dryden, kipa wa Cornell aliyeshindwa mechi nne tu kati ya 81, alitwaa Kombe la Stanley na Montreal mwaka 1971, huku kipa wa Chicago waliyemfunga katika fainali akiwa Tony Esposito, naye mhitimu wa Michigan Tech. Miaka miwili baadaye Dryden aligombana na klabu yake juu ya mshahara, akaukacha msimu mzima na kwenda kujifunza kazi ya uwakili Toronto. Mtu asiye na elimu hawezi kumgomea mwajiri kwa utulivu wa namna hiyo. Alirudi, akafikisha makombe sita, akastaafu mwaka 1979 akiwa bado kijana, na baadaye akawa mbunge na waziri nchini Kanada.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Nyota wa siku hizi hawakai. Jack Eichel na Macklin Celebrini walicheza Boston University msimu mmoja mmoja, Cale Makar alikaa misimu miwili Massachusetts. Je, hao chuo kiliwapa muda gani? Kidogo sana, na si haki kuwahesabu kama zao la chuo. Walichopata ni kucheza na wanaume wa miaka 22 na 23 badala ya wavulana wenzao, faida ya kweli ila ya aina nyingine.

Tofauti hiyo, kati ya wanaohitaji muda na waliokwisha kuwa tayari, sasa ina uzito mpya. Zamani NCAA iliwahesabu vijana wa ligi za Kanada kama wachezaji wa kulipwa na kuwafungia mlango. Novemba 2024 ilipiga kura kuufungua, na kanuni mpya ikaanza Agosti 2025; Gavin McKenna, kijana aliyesifiwa kuliko wote katika ligi hizo, akajiunga na Penn State. Kiwango cha hoki ya vyuo kitapanda, hilo halina shaka. Ila nafasi za timu haziongezeki, na kila kijana wa miaka 20 anayetoka Kanada akiwa amekwisha kuiva huchukua kiti ambacho kocha angeweza kumpa mtu mfupi wa miaka 18 asiyeteuliwa na yeyote.