Ushuru wa Njia ya Uha

Msafiri atokaye Kigoma kwenda Kasulu huliacha Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake u karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari, na muda si mrefu huanza kupanda. Mwendo wenyewe ni kama kilometa 90 tu, lakini hewa hubadilika, michikichi hupungua, migomba huzidi, na maamkizi ya Kiha husikika garini kuliko ya Kiswahili. Kutoka Kasulu njia hushika kaskazini mpaka Kibondo na Kakonko, na hatimaye Nyakanazi, ambako hukutana na barabara kuu iendayo Rwanda.

Nilipoipita njia hii mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, tulifika Kibondo tumekuwa wekundu kwa vumbi. Katika miaka ya 2010 na 2020 lami ililetwa kwa vipande, na safari yangu ya karibuni ilikuwa nyepesi. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu alisema kwa furaha, "Mwalimu, sasa nchi yetu imefunguliwa." Nikamwitikia, "Ni kweli, mzee wangu." Lakini neno lile halikuniacha, kwani hicho kilichofunguliwa kilikuwa kimefungwa lini, na nani alikifunga?

Historia haituonyeshi Uha iliyofungwa. Chemchemi za chumvi za Uvinza, kusini mwa nyanda hizi, zilitumiwa na watu tangu karne za kwanza za zama za chuma, na chumvi yake ilibebwa mbali kwa vichwa na mabega. Njia zilikuwapo, nazo zilikuwa na wenyewe. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alivuka mto Malagarasi akaingia Uha. Watawala wakamdai hongo, yaani ushuru wa kupita, naye akalipa kwa vitambaa. Alipoambiwa kwamba mbele wako watawala wengine wanaongoja haki yao, alimwajiri kiongozi, akatoroka na msafara wake usiku kwa njia ya porini mpaka akaifikia Ujiji. Katika kitabu chake aliulalamikia ushuru huo kama unyang'anyi. Wasomaji wake wengi hawakujiuliza ni nchi gani humwacha mgeni mwenye bunduki apite bure.

Miaka 43 baadaye mambo yaligeuka. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ilipita kusini, ikaziacha nyanda za Kasulu na Kibondo kando. Baada ya vita Waingereza walidai kodi kwa fedha. Lakini mkulima aliye mbali na reli angepata wapi fedha, ikiwa gharama ya kuchukua mazao humaliza bei yake? Kilichoweza kujichukua chenyewe kwa miguu mpaka stesheni ni mtu. Ndivyo Uha ilivyogeuzwa kuwa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba, jina lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya nambari, kwa kuwa waliandikwa na kuhesabiwa hivyo. Tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba, SILABU, kiliwaandikisha na kuwasafirisha kwa mpango maalumu. Hapo zamani mgeni alimlipa mwenye njia. Sasa mwenye njia alilipa kwa mwili wake mwenyewe.

Wala njia haikutumika kuwatoa watu peke yake, bali hata kuwapanga. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wengi wa Uha, hasa upande wa Kibondo, ikawakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1970 serikali huru nayo iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Nia za tawala hizi mbili hazikufanana. Lakini mara zote mbili nyumba iliifuata amri, na mashamba ya mababu yakabaki nyuma.

Hata hivyo njia hiyo hiyo ilipokea. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na tena vita vilivyoanza mwaka 1993, waliingia kwa wingi, na Wakongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mwaka 1996. Nchi iliyozoea kutoa watu ikawa kimbilio la watu.

Tulipokaribia Kibondo yule mzee alinieleza kwamba baba yake alikwenda mkonge, yeye akiwa mtoto mchanga, wala hakurudi. Nikamwuliza jina la shamba. Akasema hajui, mama yake alijua Tanga tu.

Hapo nikaona kazi iliyo mbele ya wanafunzi wetu. Habari za Stanley zimechapwa mara nyingi, na za manamba wa Uha zimo vinywani mwa watoto wao, ambao sasa ni wazee. Lami hii ikishusha maharagwe na kahawa ya Uha sokoni kwa bei ya haki, itakuwa imewalipa wenye njia sehemu ya deni lao. Sehemu nyingine ni ya kwetu tuandikao: kwenda kuwauliza, kwa Kiha wakipenda, na kuyarudisha majina mahali palipoandikwa nambari.