Mbege ya Holili

Nilikwenda Holili kutafuta mpaka. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa inahusu biashara ya bia za chupa kati ya hapo na Taveta, Kenya, na kwa wiki mbili nilipanga chumba karibu na barabara ya malori, simjui mtu. Mchana nilihoji wafanyabiashara. Jioni nilitafuta chakula peke yangu. Nilianza na mtori kwa sababu hauhitaji mwenyeji: unaagiza, unapuliza, unakunywa. Halafu machalari. Kisusio, ile supu yenye damu, kilinishinda siku ya kwanza. Siku ya tatu nikamaliza bakuli. Bia nilikunywa ya chupa. Kwa binti aliyekaa mezani peke yake na daftari, chupa ina faida zake: inafunguliwa mbele yako, na hakuna anayekuuliza umekuja na nani.

Waongoza watalii wa Moshi hupenda kusimulia kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake, Kaizari Wilhelm. Hadithi tamu, ila mpaka ulikubaliwa 1886 na Wilhelm alipata ukaizari 1888. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani yalianza mstari kwenye mdomo wa mto Umba, yakauzungusha Ziwa Jipe, yakauvusha mto Lumi, kisha yakaupitisha katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga kabla ya kuukumbatia mlima kwa kaskazini. Hapo katikati ndipo nilipopanga chumba. Agosti 1914 Wajerumani waliuvuka mstari huo wakaishika Taveta hadi Machi 1916. Leo wanaovuka ni malori, na bia.

Bia ya chupa ni rahisi kuiandikia historia. Kenya Breweries ilianzishwa 1922. Tanzania Breweries ilitaifishwa, ikabinafsishwa 1993. Kila kreti ina risiti mahali fulani. Nilikuwa namweleza hayo mama mmoja muuza maharage, kwa kujisifu kidogo, akanikatisha: "Unasomea pombe, na mbege hujaonja?"

Kilabu kilikuwa nyuma ya soko, mabati na mabenchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Nikasema niko peke yangu.

"Mbege hainywi mtu mmoja, mwanangu." Akachota kwa kata, akanywa yeye kwanza ili nione ni salama, akanipa. Wazee wawili wakasogea wakanipa nafasi kwenye benchi.

Ilikuwa chachu, na utamu kwa mbali. Chembe za ulezi zilibaki ulimini, na nyuma yake uchungu wa gome la msesewe. Nina marafiki Nairobi wanaolipa fedha nyingi kwa bia za mafungu madogo, nzito, zenye ladha ya mahali zilipotengenezwa. Niliwafikiria, nikacheka peke yangu.

Mimi ni wa Bukoba, kwa hiyo pombe ya ndizi si ngeni kwangu. Lakini rubisi yetu ni kazi ya wanaume: ndizi mbivu hukanyagwa kwenye mtumbwi wa mti, juisi yake huchachushwa kwa mtama. Hapa ndizi huchemshwa mpaka ziwe nyekundu, huachwa siku kadhaa, huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Na anayepika ni mwanamke. Babu yangu asingemruhusu bibi hata kuusogelea ule mtumbwi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona aibu ya kitaaluma. Historia ya Kilimanjaro niliyoisoma darasani ni ya kahawa: chama cha wakulima cha 1925, KNCU ya 1933, mzani na stakabadhi. Kahawa ilikuwa ya baba. Migomba iliyoitia kivuli, kwenye kihamba hichohicho, ilikuwa mikononi mwa mama. Fedha ya kahawa ilikuja kwa msimu. Ya ndizi na mbege ilikuja kila siku ya soko. Mbege ilipelekwa ukweni, ikalipa faini za wazee. Serikali ya kikoloni ikaiona kama suala la leseni na ulevi. Tena haikai, siku chache tu inachacha kupita kiasi, hakuna ghala la kuihesabu.

Nilimuuliza mama alianza lini. Akaanza na watoto badala ya miaka: watatu, wote wamesoma kwa kata hii. "Mmoja ni mwalimu. Hataki wenzake wajue nauza nini." Akafuta mdomo wa ndoo. "Ukiandika, andika hesabu. Jina langu acha."

Tukaandika hesabu. Mikungu inayoshushwa kutoka Mwika, nauli yake, ulezi, kuni, maji, kinachomwagika, kinachokopwa na wazee wale wawili (walikanusha). Kurasa tano.

Usiku nilimwandikia msimamizi wangu kwamba sura ya tatu inabadilika. Akajibu kwa maneno matatu: "Vyanzo viko wapi?"

Asubuhi nilirudi kilabuni na daftari jipya. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa, alinisogezea kisu.