Mkono wa Kula, Upepo wa Kusi

Mwabungo, kijiji cha Wadigo kusini mwa Diani, mzee akikuelekeza nyumba ya mtu hakwambii upinde kulia au kushoto. Atakwambia shuka pwani, ukifika kwenye mwembe rudi kidogo upande wa bara, nyumba iko kusini mwa msikiti. Anazitaja bahari, bara na kibla. Mkono wako hautaji, maana mkono hugeuka na mwenyewe.

Mimi ni mashoto, na mtu wa shoto hutambua mapema kwamba kulia na kushoto hayalingani uzito kama kaskazini na kusini. Nimeyafuata maneno haya kwa miaka mingi, nikiwauliza wazee wetu na kupekua kamusi za zamani, kwa sababu asili yake inanihusu mwilini.

Tuanze na pande za dunia. Pwani hii, kaskazini ni kule inakotoka kaskazi, upepo unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusini ni kule inakotoka kusi, inayoshika kuanzia Aprili mpaka Septemba. Jahazi za Arabuni na Bara Hindi zilikuja na kaskazi zikarudi na kusi, na majira ya biashara, ya uvuvi na hata ya harusi yakafuata pepo hizo mbili. Mwalimu wa jiografia anaponing'iniza ramani ukutani na kusema juu ni kaskazini, anatumia jina lililotoka baharini. Mashariki na magharibi tumeyapokea kutoka Kiarabu, na yote mawili yanazungumzia jua, kuchomoza kwake na kutua kwake. Mdigo ana lake la kwao kwa mashariki, mlairo wa dzuwa, yaani linakotokea jua, na hapa kwetu jua hutokea baharini.

Kibla nacho kina habari yake. Makka iko karibu nyuzi 40 mashariki, na sisi tuko kwenye mstari huohuo kasoro kidogo, nyuzi 4 na ushei chini ya ikweta. Kwa hiyo anayesali Mwabungo huelekea kaskazini kabisa, na wazee wa pwani walizoea kusema "upande wa kibla" wakimaanisha kaskazini. Nenda Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini Diani. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita na bado unasaliwa, na mihirabu yake inakuonyesha kaskazini bila dira. Makaburi yetu pia yanaonyesha pande. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla, kwa hiyo kichwa huwa upande wa pwani na miguu upande wa bara. Usiku mabaharia walikuwa na nyota. Suheli, nyota kali ya kusini, iliupa upande huo jina ambalo bado limo katika kamusi za zamani za Kiswahili.

Waarabu wenyewe walianzia mwilini. Walisimama wakielekea macheo, kulia kwao kukawa kusini na kushoto kwao kaskazini. Ndiyo asili ya majina Yemeni na Sham, nchi ya kuume na nchi ya kushoto, na Bahari ya Sham tunayoitaja katika Kiswahili inatoka hukohuko. Neno yamini nalo lilifika kwetu likiwa na maana mbili, mkono wa kulia na kiapo. Anayekula yamini anaapa, na kwa desturi mkono unaoapa ni huo.

Mabaharia wetu hawakuukubali mkono kuwa kipimo. Katika ngalawa, mmoja ameelekea omo na mwingine tezi. Ukipiga kelele "kushoto!" wakati tanga limejaa, kila mmoja ataegemea kwake. Wao husema joshini na demanini. Joshi ni kamba ya pembe ya mbele ya tanga, demani ni ya pembe ya nyuma, na kutokana na kamba hizo upande wa juu ya upepo ukaitwa joshini, wa chini ya upepo demanini. Chombo kikibisha na tanga likahamishwa, majina nayo yanahama. Mabaharia wa Ulaya ya kaskazini walifanya jingine: waliuita upande wa kulia wa chombo upande wa usukani, kwa kuwa kasia la kuongozea lilifungwa huko, penye mkono wa wengi. Hata usukani wa merikebu uliwekwa kwa kuwafuata wasio na shoto.

Sasa mikono. Mkono wa kulia ni mkono wa kula, wenye kiambishi cha kuonyesha kitu kinachotumika: mkono unaolia chakula. Jina lake la pili ni mkono wa kuume, na mwenzake huitwa wa kuke. Kidigo kina kulume, chenye mzizi uleule wa mlume, mwanamume, na upande wa pili ni kumotso, neno la kale la Kibantu ambalo ndugu yake yuko hata kwa Wakikuyu. Basi mmoja ulipewa jina la riziki na la uanaume. Wa pili uliachiwa tohara ya chooni, na ndiyo maana kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumkosea adabu.

Nyanya yangu alisokota kamba za makumbi. Makumbi yalifukiwa kwenye tope la ufukoni mpaka yakaoza, yakapondwa, ukatoka usumba. Aliubiringisha pajani kwa kiganja cha kulia, uzi baada ya uzi. Nilipokaa kumsaidia nilibiringisha kwa kushoto, kwenye paja langu la kushoto, na uzi wangu ukajipinda upande wa pili. Alipojaribu kuuunga na wake, ukafumuka. Aliuangalia, akaufumua wote, akaniwekea fungu langu la usumba. "Uzi wako na wangu hauoani, mwanangu. Yako isokote mwenyewe mwanzo mpaka mwisho." Kamba ile ilifunga mbuzi sawasawa na zake.

Chuoni, yaani madrasani, mambo yalikuwa mengine. Kalamu ya tete ilihamishwa mkono wa kulia kwa fimbo, kama ilivyofanyika vyuo na shule nyingi za wakati ule. Nilikuja kulifikiri baadaye jambo moja la kazi hiyo. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mkono wa shoto hutangulia wino na kukaa mahali pakavu, na mkono wa kulia ndio unaopita karibu na wino mbichi. Kwenye ubao ule, mtoto wa shoto alikuwa na heri kuliko wenzake, na akapigwa kwa hilo.

Majina haya hayajaacha kuzaliwa. Waingereza walituletea sheria ya kushika kushoto barabarani, na Tanzania mzunguko wa magari ukaitwa kiplefti, maneno mawili ya kibao, "keep left", yakageuzwa nomino ya Kiswahili yenye wingi wake, viplefti. Watu huzipa pande zao majina kutokana na kilicho mbele yao wakati huo, iwe ni upepo, nyota, kamba ya tanga au kibao cha barabarani.

Na hilo ndilo ninalotaka wazazi na walimu wa kwetu Kwale walishike. Kusi itavuma ikitoka kulekule tukiiita au tusipoiita. Lakini "mkono wa kula" na "mkono wa kuume" ni majina ya desturi, tuliyapa wenyewe kwa kazi tulizogawa wenyewe. Adabu ya kula na kupeana kwa kulia ni ya dini na ya kwetu, mimi naishika na wanangu nimewafunza. Kalamu, shoka, sindano na mpira havimo katika adabu hiyo. Mtoto wa shoto anaweza kula ugali kwa mkono wa kulia na kuandika insha yake kwa kushoto siku hiyohiyo, asimkosee yeyote. Mwalimu anayemwona akihamisha kalamu kwa woga amwambie airudishe.