Majina ya Vyakula vya Mimea na Ushahidi Wake wa Kihistoria

Mlo wa Afrika Mashariki usio na nyama wala samaki huweza kuwa ugali wa mahindi, kisamvu kilichoungwa kwa njugu nyasa, na kunde za nazi zilizotiwa pilipili manga. Kwa mlaji, hicho ni chakula cha nyumbani. Kwa mchunguzi wa lugha, majina ya vyakula hivyo yana jambo la kuzingatiwa, kwani baadhi yake yamebeba majina ya mahali: Hindi, Nyasa, Manga. Ni rahisi kudhani kwamba mahali panapotajwa ndipo asili ya mmea. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa, maana hupotosha historia ya mmea na historia ya lugha kwa pamoja.

Mahindi yalianza kulimwa Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita. Hayakujulikana katika bara la Afrika kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, na baada ya kuiteka Goa mwaka 1510 walikuwa na mtandao wa safari uliogusa Brazil, Afrika na India. Iwe Wahindi ndio walioileta mbegu hiyo pwani au la, Hindi lilikuwa jina la ng'ambo ambayo watu wa pwani waliifahamu kwa biashara ya karne nyingi, Meksiko hawakuifahamu. Kiswahili kikalipokea neno hilo na kulipanga katika ngeli zake: mmea ukawa muhindi na mihindi, tunda likawa hindi na mahindi, ilhali mtu alibaki Mhindi na watu Wahindi.

Kiswahili hakiko peke yake katika jambo hili. Waturuki huyaita mahindi mısır, na hilo ndilo jina lao la nchi ya Misri. Waitalia huyaita granturco, yaani nafaka ya Kituruki. Huko Misri nako huitwa dhura shami, yaani mtama wa Sham. Kila taifa limemtaja jirani, na hakuna hata moja lililoitaja Meksiko. Jina, basi, limehifadhi mlango ambao mmea ulidhaniwa kuingilia, wala si shamba ulikozaliwa.

Kanuni hiyo hudhihirika zaidi katika njugu. Njugu mawe ni zao la Afrika lenyewe, na asili yake ni Afrika ya Magharibi. Njugu nyasa, ambazo pia huitwa karanga, asili yake ni Amerika ya Kusini. Zao geni lilipofika, msemaji hakubuni neno jipya: alichukua jina la zao alilolizoea, akaliongezea kivumishi cha kulipambanua. Ndivyo Wamisri walivyofanya kwa mtama wao. Kwa hiyo nomino ya msingi hutoa habari za chakula cha zamani, na kivumishi hutoa habari za ujio wa kipya. Neno kunde, kwa upande wake, halikuhitaji kivumishi. Mzizi wake umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na mabaki ya kunde yaliyochimbuliwa katika Ghana ya kati ni ya milenia ya pili K.K.

Manga nayo ilikuwa Arabuni, hasa upande wa Maskati. Hata hivyo pilipili manga ni zao la Malabar, kusini mwa India. Walioiuza pwani walikuwa mabaharia na wafanyabiashara wa Manga. Vivyo hivyo komamanga, tunda ambalo asili yake ni Uajemi na nchi jirani. Tofauti na hayo ni nanasi, ambalo jina lake limesafiri pamoja na tunda: Watupi wa Brazil waliwapa Wareno, na kwa njia ya Kireno ananás likaenea bandari nyingi za dunia.

Mambo haya yana uzito katika kazi ya uchunguzi. Masimulizi yanayotaja mahindi katika zama zilizotangulia mwaka 1492 lazima yameguswa na msimulizi wa baadaye, hata kama kiini chake ni cha kale. Aidha, wale wanaohesabu maneno yenye asili ya nje ili kuonyesha kwamba utamaduni wa pwani ni wa kuazima husahau kwamba muundo wa jina ni kazi ya msemaji. Mkulima aliyeiita karanga njugu alikwisha kuilinganisha na zao la babu zake, akaona zilivyofanana na zilivyotofautiana, ndipo akaipa jina. Mbegu ilitoka mbali. Hukumu ya kuipa nafasi katika shamba, katika chungu na katika lugha ilikuwa yake.